Kumsaka Jabir katika Vichochoro vya London

Aprili 1755 ilitoka London kamusi ya juzuu mbili, nzito kiasi cha kuhitaji meza yake peke yake. Katika juzuu ya kwanza, chini ya herufi G, mtungaji wake alitoa dai la kushangaza: kwamba neno la Kiingereza la mtu anayebwabwaja, maneno yakimtoka mbiombio bila kueleweka, limezaliwa na jina la mwanachuoni wa Kiislamu. Neno lenyewe ni gibberish. Mwanachuoni ni Jabir bin Hayyan wa Kufa, ambaye Wazungu walimwita Geber.

Anayejifunza Kiingereza hulipata neno hili kwa kuchelewa. Halimo katika orodha za msamiati wa shule. Hulisikia kwenye filamu, au hulikuta limeandikwa kwa kalamu nyekundu pembeni mwa insha yake, na huanza kulitumia siku hiyohiyo kwa kuwa ni tamu mdomoni. Lina jamaa zake, jabber, gibber na jibber-jabber, yote yakiwa na sauti ya midomo inayogongana. Asili yake haimshughulishi mtu. Mimi ilinishughulisha kwa sababu ya lile jina. Kwetu Jabir ni jina la mjomba, la mwenye duka, la mtoto wa jirani, na sikupenda kuliona limefungiwa kwenye kifungu cha upuuzi bila kuuliza ni nani aliyelitia humo, na kwa ushahidi gani.

Aliyelitia ni Samuel Johnson, na nyumba alimolitia bado imesimama. Ukitembea Fleet Street ukielekea kanisa kuu la St Paul's, mkono wa kushoto utaona vichochoro vyembamba vinavyopenya kati ya majengo. Kimoja, Wine Office Court, kinapita ubavuni mwa baa kongwe ya Ye Olde Cheshire Cheese, na ukikifuata mapinda yake unatokea Gough Square, kiwanja kidogo kilichosakafiwa mawe. Namba 17 ni nyumba ya matofali, nyembamba na ndefu kwenda juu, ambayo sasa ni makumbusho. Mbele yake yupo paka wa shaba aliyekalia kamusi: huyo ni Hodge, paka wa Johnson, na pembeni mwake yamewekwa magamba ya chaza, kwa maana ndicho chakula alichonunuliwa na bwana wake.

Kazi ilifanyika juu kabisa, chini ya paa. Johnson alitia saini mkataba na wauza vitabu mwaka 1746 kwa guinea 1,500, akaahidi kumaliza kwa miaka 3. Ilimchukua karibu 9. Alikuwa na wanakili 6, na watano kati yao walikuwa Waskoti, jambo ambalo halikumzuia kuandika chini ya neno la shayiri aina ya oats kwamba ni nafaka ambayo Uingereza hulishwa farasi na Scotland hulisha watu. Mwaka 1752 aliingia nyumbani humo mtoto mweusi, Francis Barber, aliyezaliwa utumwani Jamaika. Johnson alimsomesha, akaishi naye kwa miaka mingi, na alipokufa mwaka 1784 urithi wake mkubwa ulimwendea Barber. Wageni wengi hupanda ngazi kutazama mahali pa kamusi. Mimi ningewashauri wakae kwanza mbele ya habari za Barber, maana chumba cha juu ni kitupu na mawazo ya mtu yataweza kukijaza baadaye.

Sasa hicho kifungu. Johnson hakukurupuka. Alianza kwa kueleza walivyosema waliomtangulia: Stephen Skinner, daktari wa karne ya 17, alilitoa neno katika kitenzi cha Kifaransa chenye maana ya kudanganya, wengine walisema ni jabber iliyoharibika. Kisha akatoa lake. Zamani, alisema, neno liliandikwa gebrish, kwa hiyo yaelekea limetokana na lugha ya mafumbo ya wanakemia, yaani usemi wa Geber na kabila lake. Hiyo ndiyo hoja nzima. Imesimama juu ya tahajia moja na jina moja linalofanana nayo.

Lakini tusimcheke haraka. Johnson aliyapenda majaribio ya kemia, alijua vitabu vya wanakemia wa kale vilivyo, na alijua watu wa nchi yake walivyowaona. Walikuwa wakiandika juu ya simba wa kijani anayemeza jua, joka linalojila mkia, harusi ya mfalme na malkia ndani ya chupa. Mwaka 1610 Ben Jonson aliwapeleka jukwaani London katika tamthilia yake The Alchemist, ambamo matapeli wanamfilisi kila abishaye hodi, na silaha yao kubwa ni msamiati: wanammwagia mteja istilahi hadi akili inamruka na mfuko unafunguka wenyewe. Mwingereza aliyetoka kwenye tamthilia ile angeweza kabisa kuamini kwamba neno la maneno yasiyoeleweka limetoka kwa watu hao, na kwamba mzee wao mkuu ni Mwarabu.

Basi twende Kufa. Mji upo Iraq, kando ya mto Furat, na mapokeo yanamweka Jabir huko katika karne ya 8, siku za Harun al-Rashid, akiwa mwanafunzi wa Imamu Jaafar al-Sadiq. Jina lake linatokana na kuunga mfupa uliovunjika. Katika mzizi huohuo wa Kiarabu ndimo ilimotoka al-jabr iliyokuwa aljebra, na ndimo lilimotoka neno letu jabari. Lakini kumshika Jabir mwenyewe ni kazi. Mwaka 987, al-Nadim, muuza vitabu wa Baghdad aliyeorodhesha kila kitabu cha Kiarabu alichokijua, alikuta tayari watu wanabishana kama mtu huyo alipata kuwepo. Yeye alisema alikuwepo, na sababu aliyoitoa ni ya muuza vitabu hasa: hakuna mwenye akili atakayekaa achoshe mkono na fikra kwa kurasa elfu mbili, kisha sifa ampe mtu mwingine.

Hoja nzuri, ila dunia ina watu wa ajabu kuliko alivyodhani al-Nadim. Mwaka 1942 na 1943 zilichapwa Cairo juzuu mbili za Paul Kraus, Myahudi mzaliwa wa Prague aliyewakimbia Wanazi, na humo alihesabu kazi zenye jina la Jabir zikakaribia 3,000. Mikono iliyoandika yote hayo, alihoji, ni ya kundi zima la watu, na wengi wao waliishi baada ya Jabir wa mapokeo, katika karne ya 9 na ya 10. Wataalamu wanaendelea kuvutana. Kraus hakuiona mivutano hiyo. Alikutwa amekufa Cairo mwaka 1944.

Iwe ni mtu mmoja au ni shule nzima, yaliyomo katika vitabu hivyo ndiyo yaliyonifanya nilitazame upya dai la Johnson. Moyo wa elimu ya Jabir unaitwa mizani, neno ambalo halihitaji mkalimani kwetu. Kila kitu duniani, dhahabu, risasi, nyama, jani, kimechanganywa kutokana na joto, baridi, ukavu na unyevu kwa vipimo maalumu, na vipimo hivyo vinafuata uwiano wa 1, 3, 5 na 8, ambavyo jumla yake ni 17. Utavijuaje vipimo vya madini uliyoshika mkononi? Kwa herufi za jina lake. Kila herufi ya Kiarabu imepewa tabia na uzito, hivyo ukilichambua jina la risasi herufi kwa herufi unapata kujua risasi ndani yake ni nini, na ni kipi cha kuongeza au kupunguza ili igeuke kuwa kitu kingine. Majina, kwa mtazamo huo, hayakubandikwa juu ya vitu kwa bahati. Yameota kutoka ndani yake.

Kikemia mambo hayo hayasimami. Risasi haigeuki dhahabu kwa hesabu ya herufi. Ila angalia ni nani anayetuhumiwa. Huyu ni mtu ambaye kwake hakuna herufi iliyo tupu, aliyeamini kwamba hata herufi moja ikipotea uzito wa ulimwengu umekosewa, na ndiye anayesingiziwa kuzaa neno la maneno matupu.

Ni kweli kwamba alificha. Vitabu vyake vinasema waziwazi kwamba elimu imetawanywa: sehemu ya jambo iko katika kitabu hiki, sehemu yake nyingine katika kile, na asiyekuwa na subira ya kukusanya hataambulia kitu. Ni kama mganga anayewagawia wanawe watatu dawa moja, kila mmoja mti wake, ili wasiache kutembeleana. Anayesoma kitabu kimoja ataona ukungu. Ukungu huo hata hivyo umepangwa.

Halafu kuna kichekesho kingine ambacho Johnson hangeweza kukijua. Geber aliyesomwa Ulaya hakuwa Jabir. Kitabu kilicholibeba jina hilo kwa sifa, Summa perfectionis, kiliandikwa kwa Kilatini mwishoni mwa karne ya 13, na mwanahistoria William Newman ameonyesha kwa hoja nzito kwamba mwandishi wake yaelekea ni Paulo wa Taranto, mtawa Mfransisko wa Italia. Alitumia jina la Mwarabu mashuhuri ili asikilizwe. Na kati ya vitabu vya kemia ya kale, hiki kinasifika kwa kueleweka: kinaeleza tanuri, viwango vya moto, namna ya kusafisha metali, kwa utaratibu wa mwalimu. Kwa hiyo Jabir wa kweli alifumba lakini Waingereza hawakumsoma, na Geber waliyemsoma hakufumba sana. Kama wangetafuta mtu wa kumpa lawama ya kubwabwaja walikuwa na wanakemia wao wa nyumbani, tele.

Dai lenyewe limeshaanguka siku nyingi. Wanakamusi waliofuata walirudi kwenye maandishi ya kale, wakakuta neno linajitokeza katikati ya miaka ya 1550, na halizunguki karibu na tanuri za wanakemia. Wengi wao leo huliweka katika fungu la maneno yanayoiga sauti, pamoja na jabber na gabble: gib-gib, jab-jab, kelele ya mdomo usiotulia. Kitenzi gibber, ambacho mtu angedhani ndicho mzazi, kinaonekana baadaye. Shakespeare alikitumia katika Hamlet kwa sauti za maiti waliotoka makaburini katika mitaa ya Roma ya kale. Kwa hiyo Jabir anaweza kwenda zake, hana kesi.

Hapo ndipo nilipotaka kufunga daftari. Kilichonizuia ni swali dogo: ikiwa katika miaka ya 1550 Mwingereza alilihitaji neno la usemi asioufahamu, alikuwa akimsikia nani?

Njia iliyo wazi zaidi inaongoza barabarani, kwa watu wa kutangatanga. Mwanzoni mwa karne ya 16 waliingia Uingereza watu wenye ngozi nyeusi kuliko wenyeji, wakisafiri kwa makundi na farasi, wakitabiri bahati kwa viganja. Walidhaniwa ni Wamisri, wakaitwa Egyptians, na jina hilo lilipokatwa kichwa likabaki Gypsy. Wenyewe hujiita Roma, jina lisilohusiana na mji wa Papa. Karibu mwaka 1542 mtu mmoja aitwaye Andrew Boorde, aliyekuwa mtawa kisha akawa daktari, aliandika kitabu cha kumwelekeza msafiri juu ya nchi na lugha mbalimbali. Alipofika sehemu ya Misri katika kitabu hicho, akiwa hajui lugha ya Misri, alijaza nafasi kwa sentensi 13 alizozisikia kwa hao waliodhaniwa Wamisri. Ni miongoni mwa maandishi ya zamani kabisa ya Kiromani tuliyo nayo.

Inafaa kujua wanasema nini. Wanasalimia asubuhi. Wanauliza mji unaofuata uko umbali gani. Wanamkaribisha mtu akae anywe. Wanamwita msichana, wanataka mkate na mvinyo, wanataka nyama, wanataka matofaa na mapea, wanaagana usiku mwema. Wataalamu huhisi Boorde aliyaokota mazungumzo hayo kilabuni, na kwa kweli yananukia pombe kuanzia juu hadi chini. Aliyeyasikia kutoka meza ya pili bila kuijua lugha angesema ni watu wanaobwabwaja. Boorde angalau alichukua kalamu.

Serikali ilichukua kitu kingine. Sheria ya 1530 iliwapa siku 16 watoke nchini. Ya 1554, chini ya Malkia Mary, iliweka kifo kwa atakayebaki. Ya 1562, chini ya Elizabeth, ndiyo iliyonishtua zaidi, kwa sababu ilimfuata hata mzaliwa wa Uingereza aliyejiunga nao au aliyejifanya mmoja wao, na katika alama za kumtambulia ikataja mavazi, mwenendo na usemi. Usemi! Neno la dharau ambalo mwanafunzi wa leo analichezea limekulia ndani ya miaka ambayo kusikika ukizungumza lugha hiyo kungeweza kuwa ushahidi wa kukufikisha kwenye kamba. Na kamba haikuwa ya kutishia tu. Katika mji wa Durham, daftari la kanisa la Mtakatifu Nicholas limeandika kwamba Agosti 1592 watu 5 walinyongwa, na kosa lililotajwa ni kuwa Wamisri. Majina yao ni ya Kiingereza kabisa: Simson, Arington, Fetherstone, Fenwicke na Lancaster.

Nafsi yangu inaniambia niseme pia kwamba katika barabara zilezile kulikuwa na usemi mwingine wa siri, wa ombaomba na wezi, ambao kwa sehemu kubwa ulikuwa Kiingereza kilichovalishwa kinyago. Bwana mmoja wa Kent, Thomas Harman, alikuwa akiwahoji waliopita mlangoni kwake, na mwaka 1567 akachapisha msamiati wao: chakula, kinywaji, nyumba, mwanamke, kila kitu na jina lake la kificho. Harman alifanya hivyo ili kuwafichua wakamatwe. Makundi hayo mawili, Waroma na ombaomba wa Kiingereza, yalichanganywa na mahakimu, na lugha zao zikachanganywa na wasikilizaji, zote zikaingizwa kapu moja la gibberish.

Ilichukua zaidi ya miaka 200 mpaka mtu asikilize vizuri. Mwaka 1782, katika mji wa Halle, Ujerumani, Johann Rüdiger alichapisha matokeo ya jaribio rahisi. Alikuwa amemwomba mwanamke mmoja wa Kiroma amtafsirie sentensi alizomsomea, kisha akaziweka kando ya sarufi ya Kihindustani iliyoandikwa na mmisionari Benjamin Schultze. Zililingana, maneno na sarufi pia. Mwaka uliofuata Heinrich Grellmann alitoa kitabu kizima juu ya watu hao, kilichosambaa haraka na kumnyang'anya Rüdiger umaarufu wake, kama ilivyo desturi ya mambo haya. Watu wa Misri hawakuwa wa Misri. Mababu zao walitoka Bara Hindi, wakapita Uajemi, Armenia na nchi za Wagiriki, wakiokota maneno kila walipolala, na wakafika Ulaya Magharibi wakiwa na lugha ya Kihindi kinywani.

Msomaji wa Mombasa, Unguja au Kariakoo ana faida hapa kuliko Johnson na Harman. Aliyekulia karibu na duka la Mgujarati amesikia pani, maji. Kwa Kiromani maji ni pani. Mgujarati anaita sikio kan, na Mroma vilevile. Pua kwa mmoja ni nak na kwa mwingine nakh. Kila mtu pwani anajua bhai ni ndugu. Kwa Kiromani ni phral, ambalo linatoka katika neno lilelile la Kisanskriti, na ambalo liliingia katika Kiingereza cha mitaani karne ya 17 likiwa pal, yaani rafiki wa karibu. Hivyo Mwingereza anayemwita mwenzake pal na muuza duka anayemwita mteja bhai wanatumia neno moja lililopita njia mbili, moja kwa nchi kavu na moja kwa bahari.

Sheria ya Elizabeth ilifutwa mwaka 1783. Ni mwaka uleule wa kitabu cha Grellmann, na nilipogundua hivyo nilitamani sana moja liwe limesababisha jingine. Halikusababisha. Bunge lilikuwa linaondoa sheria ya kikatili kupita kiasi ambayo kwa muda mrefu haikuwa ikitumika, na halikuhitaji wanaisimu wa Kijerumani kuliambia hivyo.

Lakini kuna dhana moja juu ya asili ya gibberish ambayo wanakamusi huitaja, wengine kwa heshima na wengine kwa kukunja uso. Ulimi, au lugha, kwa Kiromani ni chib, na katika usemi wa Waroma wa Uingereza hutamkwa jib. Ni mzizi uleule wa jibh ya Kigujarati na Kihindi. Chukua jib, ubandike ile -ish ya Kiingereza inayounda English na Spanish na Turkish, na unapata neno ambalo maana yake halisi ingekuwa Kilugha. Mwingereza anamuuliza Mroma, mnasema nini ninyi? Anajibiwa, jib yetu. Naye anakwenda kuwaambia wenzake kwamba watu wale wanasema gibberish.

Kisa kinapendeza, na kupendeza ndiko kunakonitia mashaka, kwa sababu hata cha Johnson kilipendeza. Kina udhaifu wa wazi: matamshi ya kale ya gibberish yaelekea yalianza kwa g nzito kama ya gari, wakati jib ina j. Kuigiza sauti ni maelezo yenye nguvu zaidi, japo hayana hadithi ya kusimulia. Nikilazimishwa kuweka dau ningeliweka kwenye kuigiza, huku nikisikitika.

Kituo cha mwisho cha njia hii ni mwendo wa nusu saa kwa miguu magharibi mwa Gough Square, ukipita viwanja vya mawakili vya Lincoln's Inn hadi kanisa la St Giles-in-the-Fields. Leo eneo hilo lina majengo ya ofisi yenye rangi ya chungwa, manjano na kijani kali, kazi ya Renzo Piano, na ukimwambia anayekunywa kahawa hapo chini kwamba mtaa huo ulikuwa moja ya maeneo ya mabanda yenye sifa mbaya kuliko yote London, ataangalia huku na huku. Mabanda mengi yalibomolewa katika miaka ya 1840 ili kupitisha New Oxford Street. Kabla ya hapo, karne ya 18, ndiko alikokuwa akizurura usiku Kapteni Francis Grose, mtu mnene mcheshi aliyependa vilabu, pamoja na mtumishi wake, akikusanya maneno ambayo Johnson alikuwa ameyaacha nje kwa kukosa adabu. Mwaka 1785, mwaka mmoja tu baada ya Johnson kuzikwa, alichapisha kamusi yake ya lugha ya mitaani.

Gibberish imo, na hata Geber yumo. Grose analipa neno maana tatu. Ya kwanza ni usemi wa wezi na Waroma, ambao anasema huitwa pia Kigiriki cha St Giles, utani unaoonyesha wakazi wa mtaa wenyewe walivyojiona: wasomi wana Kigiriki chao, sisi tuna chetu. Ya pili ni lugha ya mafumbo ya Geber, iliyotumiwa na wanakemia. Ya tatu sikuitarajia. Ni mchezo wa lugha, ambapo mnakubaliana herufi moja na kuichomeka kila baada ya silabi. Mkichagua F, mnazungumza gibberish ya F. Mkichagua G, ni ya G. Mzoefu huisema kwa kasi ya ajabu na mzoefu mwenzake hulielewa kila neno.

Watoto wanaosema Kiingereza wanaucheza mchezo huo hadi leo, kwa kanuni tofautitofauti, na jina ni hilohilo. Watoto wa pwani yetu wana kinyume, ambacho huiondoa silabi ya mwisho na kuitanguliza mbele. Mkubwa aliye barazani akisikia «tale jima, tale jima» likirushwa uani kwa mbio, anaweza kufoka kwamba huo ni upuuzi gani. Aliyeambiwa tayari amekwisha kuleta maji.